Sura na Mwanga: Picha za Akseli Gallen-Kallela, 1907–1910

Sura ya mtu iliyochorwa kwa rangi ni hati ya historia, kama ilivyo barua au daftari la kodi. Huleta habari za aliyechorwa, za mchoraji, na za mwanga uliowaangaza wote wawili. Neno taswira, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina shina moja na neno sura. Basi kumchora mtu ni kumpa sura. Lakini ni sura ya nani? Swali hilo laweza kupimwa kwa kazi za Akseli Gallen-Kallela, Mfini aliyefika Afrika ya Mashariki katika mwaka wa 1909.

Mchoraji huyu alizaliwa Pori, Ufini, mwaka 1865, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Alisomea Helsinki na Paris, akapata sifa kwa picha za hadithi za Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini. Mwaka 1907 alijiunga na Die Brücke, kundi la wachoraji vijana lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, ambao walipenda rangi kali na brashi isiyojificha.

Katika mwaka huohuo wa 1907 alimchora mtunzi wa muziki Gustav Mahler katika nyumba ya Hvitträsk, karibu na Helsinki. Ilikuwa jioni, wala hapakuwa na taa ila moto wa mekoni. Mwanga huo mwekundu waangaza upande mmoja wa uso, na sehemu iliyobaki yazama gizani. Mahler alikuwa amefiwa na binti yake mwezi wa Julai, na alikuwa akiacha kazi yake ya Vienna. Anayeijua habari hiyo hulisoma giza la picha kuwa ni msiba wa mtu fulani, mwenye jina na historia yake.

Miezi kumi na minane baadaye, Gallen-Kallela aliwasili Mombasa pamoja na mkewe Mary na watoto wao wawili, akapanda reli hadi Nairobi, mji uliozaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, akachora kwa rangi za mafuta picha zaidi ya 150, za nchi, wanyama na watu.

Humo giza la Hvitträsk limetoweka. Asimamaye saa sita mchana penye kivuko cha Kamanga, Mwanza, huona kivuli chake kimejikunja miguuni, na rangi za mawe na maji zapigana na macho. Nairobi nayo i karibu na ikweta, tena juu ya bahari kwa meta zipatazo 1,700. Mchoraji aliujibu mwanga huo kwa rangi nzito zilizopakwa upesi, na kivuli akakifanya kuwa rangi badala ya weusi mtupu. Hata hivyo isidhaniwe kwamba jua peke yake ndilo lililombadilisha. Mkono wake ulikwisha kuandaliwa Ulaya. Afrika ilimpa sababu ya kuufungua.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Picha ya Mahler yaitwa kwa jina la Mahler. Lakini ilikuwa desturi ya wachoraji wengi wa Ulaya wa zama zile kumtaja Mwafrika kwa kabila au kazi yake: Mkikuyu, Mmasai, askari. Kati ya picha za Gallen-Kallela zimo zilizofuata desturi hiyo. Macho ya mtu yapo, paji la uso lipo, hata joto la mchana lipo, jina halipo. Mtazamaji hawezi kuuliza kama aliyeketi mbele ya mchoraji naye alikuwa amefiwa mwaka ule, au kama alikuwa akiacha kazi.

Kwa hiyo picha hizo zisidharauliwe, wala zisisifiwe kwa rangi zake tu. Kwa upande wa ufundi, zilimtazama Mwafrika kwa makini yaleyale aliyotazamiwa Mahler. Kwa upande wa maandishi zilimwacha katika kundi. Historia ya picha za watu katika Afrika ya Mashariki haina budi kuyaandika yote mawili, na kila picha mpya inapochorwa, jina la mwenye sura liandikwe pamoja na la mwenye brashi.