Mkasi wa sauti: kutoka nta ya 1906 mpaka kompyuta ya hosteli

Wiki hii sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Nina saa sita za sauti za wazee wa kwetu Lukuledi kwenye kompyuta, na zinatakiwa zibaki dakika arobaini kwa ajili ya semina. Tangu Jumatatu nakata na kuunga mpaka macho yanawasha. Sasa katika kukata ndipo nikaanza kujiuliza swali la kihistoria kabisa: huu mkasi wa sauti ulifikaje kwetu, na nani aliushika kwanza? Basi leo ni pindi la historia, kaeni mkao wa kula.

Kwa wasiopajua: ukitoka Masasi mjini kuelekea Nachingwea unakutana na Lukuledi. Mto wenye jina hilohilo unateremka mpaka ghuba ya Lindi, na kusini ya bonde lake ndiyo inapanda nyanda ya juu ya Wamakonde. Newala iko huko juu ukingoni, ukisimama unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Wabenediktini walijenga misheni Lukuledi mwaka 1895. Mwishoni mwa Agosti 1905 vita ya Maji Maji ikafika, misheni ikateketea, na mwaka uliofuata wamisionari wakaanza upya Ndanda.

Mwaka huohuo wa 1906, majivu hayajapoa, akaja Mjerumani mmoja anaitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Yeye hakupanga kuja kwetu. Alitaka kwenda Kondoa Irangi, ila huko nako kulikuwa na vurugu, ikabidi ageuzie kusini. Akatua Lindi, akapita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, na mizigoni mwake mlikuwa na kamera ya picha za sinema na mashine ya fonografu. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka 1909 Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza.

Fonografu ni kitu rahisi sana kukielewa. Unaimba ndani ya pembe kubwa ya bati, sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinasukuma sindano, sindano inachonga mfereji kwenye silinda ya nta inayozunguka. Basi. Hakuna umeme, hakuna waya. Lakini hakuna kukata wala kuunga pia. Ukikosea unakwangua nta yote unaanza upya. Na silinda moja inabeba dakika mbili, tatu hivi, imekwisha.

Sasa hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Nyie mnazijua ngoma za kwetu. Ngoma ya unyago haina dakika mbili, inakwenda mpaka jogoo anawika, wanapokezana, wengine wanakula wanarudi. Halafu pembe haisikii mbali, anayesikika ni aliyesogea karibu, na ngoma yenyewe ikipigwa jirani inameza sauti za waimbaji. Kwa hiyo kabla sindano haijagusa nta, kazi ya kukata imeshafanyika: nani asimame mbele, wimbo upi, uanzie wapi, na uishie pale nta inapoishia. Watu tunadhani rekodi ya zamani ni sauti mbichi kwa sababu haikuhaririwa. Mimi nakataa. Ilihaririwa kuliko hii yangu, tofauti ni kwamba vipande vilivyotupwa havipo popote.

Silinda za wasafiri kama yeye zilikusanywa Berlin, kwenye hazina ya fonogramu iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900. Ili kupata nakala walitengeneza kalibu ya shaba juu ya nta, na nta ya asili iliharibika katika kazi hiyohiyo. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizorekodiwa na Weule. Ndiyo, Wanyamwezi! Walikuwa wapagazi wake. Mtu akikuta lebo ya safari ya kusini akadhani anamsikia babu yake Mmakua, kumbe anamsikia mtu wa Tabora aliyebeba mzigo.

Kuna kitu kimoja cha Berlin nimekipenda sana. Wasafiri walielekezwa wapulize filimbi ndogo mwanzoni mwa silinda, filimbi ya sauti moja tu, mitetemo 435 kwa sekunde. Kwa nini? Kwa sababu mashine zilikuwa hazizunguki kwa mwendo mmoja. Anayesikiliza baadaye anaiweka sawa filimbi kwanza, ndipo anajua sauti ya mwimbaji ilikuwa nene au nyembamba kiasi gani. Sasa fikiria kijana wa leo na programu yake, anaona mwanzoni kuna "kelele" ya sekunde chache, anaifuta ili faili liwe safi. Ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinasema ukweli kuhusu vyote vinavyofuata.

Baada ya nta ikaja tepu. Mashine za tepu za AEG zilionyeshwa Berlin mwaka 1935, na tepu ndiyo iliyoleta mkasi wenyewe, tena mkasi kweli. Fundi anaisogeza tepu kwa mkono mbele na nyuma mpaka anasikia neno linapoanza, anaweka alama ya penseli, anakata kwa wembe kwa mshazari, anaunga kwa gundi ya utepe. Mshazari ni ili sauti ipokezane taratibu, isilie "tap" kwenye kiungo. Radio Tanzania Dar es Salaam ile tuliyolelewa nayo iliendeshwa kwa tepu za namna hiyo. Kila kipindi cha mazungumzo mlichokisikia kikienda bila mtu kukohoa, ujue kuna kikohozi kilianguka sakafuni.

Mwaka 1968 wanafunzi wa hapahapa Mlimani (wakati huo bado ni chuo kikuu kishiriki) walitumwa kwenda vijijini kwao kuwahoji wazee walioikumbuka Maji Maji. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa kwenye kazi hiyo. Nawaonea wivu jamani, wao waliongea na watu walioiona vita kwa macho! Mimi nimekuta wajukuu. Ila makala zao ukizisoma unapata maandishi, sauti hakuna, na kuandika alichosema mzee nako ni kukata. Kalamu haiandiki kunyamaza.

Turudi kwenye kompyuta. Natumia Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Sauti inaonekana kama milima na mabonde. Unaburuta kipanya juu ya kipande, unabonyeza Ctrl na X kimeondoka, Ctrl na V kimebandikwa pengine. Kiungo kikilia "tap", shida ni ileile ya wembe: umekata katikati ya wimbi. Bonyeza Z, alama zinasogea mpaka pale wimbi linapokatiza mstari wa sifuri. Matoleo ya zamani yalikuwa yanatunza kazi kama faili dogo la aup pamoja na folda ya data pembeni, na jamaa wengi hosteli walibeba kale kafaili peke yake kwenye flashi, wakafika kwenye semina wana jina la kazi lakini kazi haipo. Tangu toleo la 3 la mwaka 2021 vyote viko ndani ya faili moja.

Rekodi za simu zinahitaji nyongeza ya FFmpeg ndipo zifunguke kwenye kompyuta nyingi. Na angalieni: WAV ya mono inakula kama MB 5 kwa dakika, inatisha kwa mwenye flashi ndogo, lakini kila ukihifadhi upya MP3 sauti inachakaa kidogo. Kama huna budi kukata MP3, kuna mp3DirectCut, inakata bila kuisaga upya, ila mipaka yake ni vipande vya milisekunde 26 hivi.

Sasa kisa chenyewe. Kuna bibi mmoja, karibu miaka tisini, anaeleza aliyoyasikia kwa bibi yake. Walivyokimbilia porini, walivyochimba ming'oko. Nikamuuliza, "Bibi, misheni aliichoma nani?" Akasema, "Waliichoma..." akanyamaza. Sekunde kumi na moja. Kuku anapita, mtoto anaitwa kwa mbali. Halafu, "Wanasema walitoka Liwale, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa porini."

Mwenzangu wa kikundi anataka zile sekunde kumi na moja ziondoke, na neno "wanasema" lifuate, maana dakika arobaini hazitoshi. Kwa kipanya ni kazi ya sekunde tatu na hakuna sikio litakalogundua. Matokeo yake bibi anakuwa shahidi wa macho anayetoa hukumu bila kusita: "Waliichoma, walitoka Liwale." Lakini mimi nilikuwepo. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa na jibu. Liwale ni jirani, kuna watu wameoleana, na miaka mia na zaidi imepita bado mzee anapima maneno. Na "wanasema" ndilo neno linalomtenga aliyesikia na aliyeona, ukilitoa hapo huna tena ushahidi wa mapokeo, una uzushi wenye sauti ya bibi.

Tumebishana mpaka usiku. Nimekubali kutoa hadithi ya bei ya korosho, dakika saba nzima, na kwa mtu wa Masasi kukata korosho si jambo dogo, teh teh. Kunyamaza kwa bibi kumebaki, kuku naye kabaki.

Faili asilia sijayagusa. Yako kwenye diski mbili, moja chumbani kwangu, nyingine kwa rafiki wa Mabibo, na mwanzoni mwa kila faili nimeacha sauti yangu ikitaja tarehe, kijiji, lugha na kwamba simu ilikuwa mezani. Kipande cha bibi nimekitoa pia peke yake, bila kukata kitu, nimempa binamu anayepanda basi la Masasi keshokutwa akamsikilizishe. Bibi mwenyewe aliniambia anataka ajisikie anavyoongea.