Dhahabu ya Busia na Maji ya Chini

Ndugu askari, mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ndipo mpaka ukapita kati ya majirani wa Busia na Tororo; lakini uliogawanywa ni uso wa nchi tu.

Miaka ya 1930 dhahabu ilitafutwa Kakamega, na Busia pia. Mchimbaji akifikia maji huyavuta kwa pampu. Maji hayo hukaa katika nyufa za miamba, kwa hiyo kisima cha jirani huweza kukauka, awe raia wa upande wowote. Zebaki ya kunasia dhahabu nayo hubaki matopeni, na mvua huikokota hadi mitoni.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umetaka matumizi hayo yapunguzwe. Zebaki husafirishwa kwa chupa ndogo, na wanaokagua mizigo mpakani ni ninyi.