MRI yafichua mafuta yasiyoonekana kwa mizani

Watu wawili wanaweza kuwa na urefu na uzito ule ule, lakini mmoja akawa katika hatari kubwa ya kupata kisukari kuliko mwenzake. Sababu mara nyingi ni mahali mafuta yalipojikusanya. Miongoni mwa vipimo vya kitabibu, MRI ndiyo inayoweza kuonyesha mahali hapo kwa usahihi mkubwa, bila kumpasua mtu na bila kumpitishia miale ya eksirei.

Upungufu wa mizani

Kipimo kinachotumika sana ni BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Msingi wake uliwekwa katika karne ya 19 na mwanatakwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet. Kwa watu wazima, 25 na zaidi huhesabiwa kuwa uzito uliozidi, na 30 na zaidi kuwa unene wa kupindukia.

Hata hivyo, hesabu hiyo haitenganishi misuli na mafuta, wala haitofautishi mafuta yaliyo chini ya ngozi na yale yanayozunguka ini, utumbo na viungo vingine vya tumboni. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari aina ya pili na maradhi ya moyo. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo kwa wingi asijue.

Jinsi MRI inavyopima

Mwili umejaa haidrojeni, ambayo imo ndani ya maji na ndani ya mafuta. Mtu anapolala ndani ya sumaku yenye nguvu, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, mashine hutuma mawimbi ya redio, na viini vya haidrojeni huyajibu. Viini vilivyo katika mafuta hujibu kwa masafa yanayopishana kidogo na ya vile vilivyo katika maji. Kwenye sumaku ya tesla 1.5, tofauti hiyo ni takriban hezi 220.

Mwaka 1984, mtafiti W. Thomas Dixon alieleza namna ya kuitumia tofauti hiyo. Picha moja hupigwa wakati ishara za maji na mafuta zinakwenda pamoja, na nyingine wakati zinapingana. Picha hizo zikijumlishwa hubaki maji, na zikitolewa hubaki mafuta. Kutokana na msingi huo, kompyuta hukadiria lita za mafuta tumboni na asilimia ya mafuta ndani ya ini. Ini lenye mafuta yanayozidi takriban asilimia 5 huhesabiwa kuwa limeanza kulemewa.

Mradi wa UK Biobank nchini Uingereza ulianza kuwapiga picha watu waliojitolea mwaka 2014, na mwaka 2025 ulifikia watu 100,000. Picha hizo huwawezesha watafiti kulinganisha mafuta ya ndani na maradhi yanayojitokeza miaka ya baadaye.

Mipaka yake

Mashine ya MRI ni ghali, huhitaji umeme wa uhakika na wataalamu, na katika nchi nyingi za Afrika hupatikana zaidi kwenye hospitali za miji mikubwa. Aidha, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini sharti awaeleze wahudumu kabla ya kuingia, kwani sumaku yaweza kumdhuru.

Kwa hiyo MRI haichukui nafasi ya vipimo vya kawaida. Asiyeweza kuifikia anaweza kuanza na utepe wa fundi cherehani. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2022, unashauri kiuno kisifikie nusu ya urefu wa mtu. Mwenye urefu wa sentimita 170, basi, kiuno chake kiwe chini ya sentimita 85. Utepe hauoni ndani ya ini, lakini humwonyesha mtu mapema kwamba wakati wa kumwona daktari umefika.