Chale na Mwereka: Sababu za Maisha Marefu ya Filamu za Purukushani

Makala haya yanakusudia kuchunguza utanzu mmoja wa sanaa ambao aghalabu hupitwa kando na wanafasihi, nao ni filamu za vichekesho vya purukushani. Kwa jina hilo tunakusudia zile filamu ambazo kicheko chake hutoka katika viungo vya mwili kabla ya kutoka katika maneno: mtu huteleza, hujikwaa, hupigwa teke, hupakwa krimu ya keki usoni, huangukiwa na ngazi, kisha huinuka, hujikung'uta vumbi, na kuanguka tena. Wasomi wengi huziita filamu hizi duni. Hata hivyo filamu zilizosifiwa zaidi katika miaka ileile zimekwisha kusahauliwa na umma, ilhali hizi bado zinatazamwa. Swali letu ni hili: ni kitu gani kinachozifanya zisizeeke? Na swali la pili, ambalo lafuatana na la kwanza kama kivuli na mtu, ni hili: hukumu ya kwamba kicheko hiki ni cha watu duni ilitoka wapi?

Hatuna budi kuanza na asili yake. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watazamaji waliolipa kiingilio jijini Paris filamu kumi fupi. Miongoni mwazo ilikuwamo moja isiyotimia hata dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maji mimea yake. Mvulana anaukanyaga mpira wa maji kwa nyuma, na maji yanakatika. Mzee anainua ncha ya mpira ili atazame kuna nini; mvulana anaondoa mguu; mzee analoa uso mzima. Kisha mvulana anakamatwa na kuchapwa. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya kuchekesha tunayoweza kuitaja kwa hakika, nayo tayari ina muundo kamili wa hadithi: mtego, kunaswa, kugunduliwa na adhabu. Waama, sinema ilizaliwa ikiwa inacheka.

Huko Marekani utanzu huu ulipata kiwanda chake mwaka 1912, wakati Mack Sennett alipoanzisha kampuni ya Keystone. Humo ndimo mlimotokea polisi mashuhuri wa Sennett, ambao kazi yao ilikuwa kukimbia wote kwa pamoja, kugongana wote kwa pamoja, na kutomkamata mtu yeyote. Humo pia ndimo alimoingia Mwingereza mmoja, mzaliwa wa 1889, Charlie Chaplin, ambaye mwaka 1914 alivaa suruali pana, koti la kubana, kofia ya duara na viatu vikubwa, akashika mkongojo, akawa yule mzururaji anayejulikana hata na watu wasiopata kuziona filamu zake.

Lakini purukushani hazikuanza na sinema. Jina ambalo Waingereza wameupa utanzu huu latokana na kifaa cha wachekeshaji wa jukwaani wa Italia ya kale. Kilikuwa ni vibao viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja upande mmoja. Mchekeshaji alipompiga nacho mwenziwe, vibao viligongana vikatoa kishindo kikubwa, ingawa aliyepigwa hakuumia. Twaomba msomaji akikumbuke kifaa hiki, kwa kuwa ndicho ufunguo wa hoja yetu: kishindo kikubwa, maumivu madogo.

Sasa na tuangalie namna filamu hizi zilivyoingia Afrika. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, iliyodumu hadi 1955. Kiongozi wake alikuwa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa afya huko Nigeria, na alikuwa amewaonyesha watu filamu za kufundisha usafi tangu miaka ya 1920. Sellers alikuwa na nadharia yake. Alidai kuwa Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo yafaa picha ziende polepole, pasiwe na hila za kamera, wala hadithi isiruke kutoka mahali hadi mahali bila kuelezwa hatua kwa hatua.

Pamoja na nadharia hiyo, ilijulikana vyema kuwa watu hawakusanyiki kutazama mafunzo matupu. Kwa sababu hiyo magari ya sinema yaliyozunguka vijijini yalichukua pia filamu za Chaplin, ziwe asali ya kuteremshia dawa. Hapa ndipo nadharia inapojikwaa yenyewe. Filamu za Chaplin haziendi polepole. Zinakimbia, zinakata picha, zinaruka kutoka barabarani hadi chumbani, zinamficha mtu nyuma ya mlango na kumtarajia mtazamaji akumbuke kuwa yupo. Watazamaji walewale walioambiwa hawana uwezo wa kufuata filamu walizifuata hizi na kucheka mahali panapostahili. Basi, kama mtu hakuvutwa na filamu ya choo na mbu, sababu haikuwa macho yake. Sababu ilikuwa filamu.

Badala ya kuikubali hitimisho hiyo, mawazo ya kikoloni yaligeuza ushahidi ukawa shutuma: ati Mwafrika anampenda Chaplin kwa kuwa akili yake ni ya kitoto. Ajabu ni kwamba filamu hizohizo zilikuwa zimejaza majumba ya sinema ya London, Paris na New York tangu 1914, na hakuna aliyeutumia umati wa London kupima akili ya Waingereza. Kicheko kilekile kiliitwa burudani upande mmoja na upungufu upande wa pili.

Lugha yetu inatoa ushahidi wa aina nyingine. Kamusi za Kiswahili zinalo neno chale kwa maana ya mtu achekeshaye watu, mbali na ile chale ya kuchanja mwilini. Sauti ya neno na maana yake vyote viwili vinaelekeza kwa Charlie mwenyewe. Wasemaji hawakuambiwa na idara yoyote walikopi neno hilo. Walilitwaa kwa kuwa walimhitaji mtu huyo. Wala hawakubaki watazamaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili ya kuchekesha, Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Aliyewachekesha watu kwenye kitambaa cheupe hakuonekana kwa sababu hiyo kuwa hafai kuwaongoza.

Turudi kwenye swali la kwanza. Aristotle alieleza kuwa kichekesho ni kosa au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya kicheko, aliona kuwa tunacheka pale mtu anapofanana na mashine: anapoendelea kutembea ilhali njia imekwisha. Maelezo yote mawili yanafaa, lakini hayatoshi, kwa sababu hayasemi ni nani anayeanguka. Katika Easy Street ya mwaka 1917, mtu mdogo anamshinda jitu linalotisha mtaa mzima. Katika The Immigrant ya mwaka huohuo, mhamiaji fukara anampiga teke afisa wa uhamiaji, kisha anageuza uso kana kwamba hajui lolote. Teke hilo halihitaji tafsiri kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama foleni mbele ya afisa mwenye kofia. Mwenye cheo akianguka, anaanguka pamoja na cheo chake. Mnyonge akianguka, anainuka. Hapo ndipo nguvu ya utanzu huu ilipo.

Isitoshe, wasikilizaji wa ngano zetu walikwisha kuujua mchezo huu kabla ya mashine ya sinema kufika. Fisi aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama kotekote, akatupa mguu huku na mguu kule hata akapasuka msamba, ni purukushani tupu. Nacho Kiswahili kimejaliwa hazina ya tanakali za sauti kwa kazi hiyohiyo: mtu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Tanakali hizi ni vile vibao viwili vya Waitalia vilivyotiwa kinywani. Zinatoa kishindo bila kumuumiza mtu.

Tena, yaonekanayo kuwa ya ovyo hayakutengenezwa kwa ovyo. Mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., Buster Keaton alisimama huku ukuta mzima wa mbele ya nyumba ukimwangukia. Alipona kwa kuwa alisimama mahali hasa palipopitiwa na uwazi wa dirisha. Haikuwa hila ya kamera. Nayo The Music Box, ambamo Laurel na Hardy wanasukuma piano ngazini, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1932. Kuanguka vizuri ni ufundi unaopimwa kwa inchi, kama vile shairi linavyopimwa kwa mizani.

Hatusemi kuwa utanzu huu hauna lawama. Filamu nyingi za Marekani za zama zile ziliwafanya watu weusi shabaha ya dhihaka. Nasi hapa nyumbani, kuanzia vichekesho vya vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre hadi Vioja Mahakamani na Vitimbi katika televisheni ya Kenya, tumewahi kucheka matamshi ya kabila la mwenzetu, ulemavu au umaskini. Lakini kipimo tumekwisha kukipata. Vibao viwili vilitoa kishindo bila jeraha. Kichekesho kinachomjeruhi asiyeweza kujibu kimekitupa kibao na kushika rungu, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusema.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii. Filamu za purukushani hazizeeki kwa sababu mwili hauna lugha ngeni, kwa sababu zinamrudisha mkubwa chini kwa muda wa kicheko kimoja, na kwa sababu chini ya fujo yake mna hesabu kali. Lakini hukumu tuliyoirithi juu yake haikutokana na hesabu hiyo. Ilitungwa na watu waliotaka kueleza kwa nini wengine watawaliwe. Katika idara zetu tumezifundisha tanzia za Wayunani na za Shakespeare kwa bidii, na tumefanya vyema. Vichekesho vya jukwaani na vya televisheni ya nchi hii, ambavyo vimetumia Kiswahili mbele ya umma kuliko tamthilia zetu nyingi, tumeviacha vipite bila kunukuliwa wala kuhifadhiwa. Mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu juu yavyo, asiulizwe kama jambo hilo ni zito vya kutosha. Aulizwe tu kama amelitazama kwa makini.