Utupaji salama wa dawa na vifaa vyenye ncha kali

Utupaji salama wa dawa na vifaa vyenye ncha kali ni kuondoa dawa zisizohitajika tena, pamoja na sindano, nyembe na vifaa vingine vya tiba vinavyochoma au kukata, bila kudhuru watu, wanyama wala mazingira. Dawa hizo ni zile zilizobaki baada ya ugonjwa, zilizopitwa na muda wake au zilizoharibika kwa joto na unyevu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, na asilimia 15 ni hatarishi. Mara nyingi anayedhurika si yule aliyetumia kifaa, bali mfagiaji wa wodi, mzoaji taka, muokota chupa jalalani, au mtoto aliyeliona bomba la sindano akalifanya bunduki ya maji.

Vifaa vyenye ncha kali

Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa hepatitisi B hufikia asilimia 30. Kwa hepatitisi C ni takriban asilimia 1.8, na kwa VVU asilimia 0.3. Aliyechomwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha kwenda kituo cha afya mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72.

Hospitalini sindano hutumbukizwa papo hapo, pamoja na bomba lake, katika kisanduku cha usalama. Kwa kawaida hiki ni boksi la njano la kadibodi ngumu. Lile la lita 5 hupokea mabomba takriban 100. Hufungwa likijaa robo tatu, wala halimwagwi ili litumike tena. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, kwani hapo ndipo wengi hujichoma.

Maboksi huteketezwa katika tanuri. Lililo zuri lina vyumba viwili, na moshi wa chumba cha kwanza huunguzwa tena katika cha pili kwa joto la nyuzi 850 au zaidi. Moto wa wazi nyuma ya zahanati haufikii joto hilo: plastiki zenye klorini hutoa dayoksini, sumu inayoweza kuleta saratani, na sindano hubaki majivuni zikiwa kali vilevile. Pasipo na tanuri hutumika shimo la sindano lililojengewa kwa zege na kufunikwa.

Dawa

Tatizo linaweza kuwa kubwa mno. Hadi katikati ya mwaka 1996, Bosnia na Herzegovina ilikadiriwa kuwa na tani 17,000 za dawa zisizofaa zilizoletwa kama misaada wakati wa vita. Mwaka 1999 WHO ilitoa mwongozo kuhusu hali kama hiyo. Njia mojawapo ni kujaza pipa dawa hadi robo tatu, kumimina mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji, kulifunga na kulizika.

Nchini Tanzania uteketezaji wa dawa za maduka na maghala husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Nyumbani

Hapa ndipo pengo lilipo, kwani si kila famasia hupokea dawa zinazorudishwa. Hata hivyo inafaa kuuliza kwanza, hasa kwa dawa za saratani na zile kali za maumivu. Zikikosa mpokeaji, vidonge vya kawaida hutolewa kwenye pakiti, huchanganywa na majivu, udongo au majani ya chai yaliyotumika, hufungwa ndani ya mfuko na kutupwa pamoja na taka. Kumwaga dawa chooni au mtoni huzifikisha majini. Desturi ya kumpa jirani antibiotiki zilizobaki nayo ni mbaya: dozi pungufu husaidia kukuza vimelea sugu.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini anaweza kutumia chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji. Huandikwa "Sindano", huwekwa mbali na watoto, na ikijaa robo tatu hupelekwa kituo cha afya chenye tanuri au shimo la sindano.