Fanya Juu: Mwongozo wa Maneno Mawili

Kuna wasee hudhani kusaidia programu huria ni kazi ya wale wanaojua kuandika msimbo pekee. Sisi wengine tukae kando, tupakue, tunyamaze. Zii. Ukambani tulishajibu hilo swali kabla kompyuta ifike.

Miaka ya 1930 na 1940, serikali ya mkoloni ilihangaika na mmomonyoko wa udongo Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta, na wakaichukia hiyo kazi. Miaka ya 1950 mambo yalianza kubadilika kazi ilipopitia mwethya, vile vikundi vya majirani wanaosaidiana shamba kwa shamba. Kitui nako, mwethya ndiyo imebeba mawe ya mabwawa mengi ya mchanga.

Tuta lililoshika sana ni hili: unachimba mtaro ukikata mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji yanasimama, udongo unabaki, na mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha. Jina lake? Fanya juu.

Hebu tulia hapo kidogo. Jina lenyewe ndilo maelezo! Ukitupa udongo chini, hiyo ni fanya chini, tuta lingine kabisa. Ukisikia jina tu, ushajua jembe lielekee wapi. Na leo vitabu vya kilimo vya Kiingereza vinaliandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Sasa rudi kwa programu. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU 1983, alishalalamika kwamba pengo kubwa la programu huria ni miongozo mizuri. Na ni ukweli. Programu ipo, ni ya bure, lakini maelezo yameandikwa na mtu anayejua tayari, akimwandikia mwenzake anayejua tayari. Kwa mwethya ukikwama, unamuuliza aliye kando yako. Mtandaoni aliye kando yako ni yale maelezo tu.

Mwaka wa 2004, mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilibidi kwanza watu wakae chini wakubaliane maneno. Hakuna mtu husifiwa kwa kazi kama hiyo, lakini bila hiyo hakuna programu.

Mimi niliacha chuo. Sina mhadhiri wa kuuliza. Venye nilijifunza kuhariri video ni kwa miongozo iliyoandikwa bure na watu sitawahi kukutana nao. Kuna kijana Wote au Mutomo saa hii amekwama kwa hatua ya tatu, bando inaisha, na anaanza kuamini yeye ndiye mjinga.

Kwa hivyo wewe ukikwama, halafu ukajinasua, usifunge laptopu. Andika ile hatua iliyokosekana, kwa maneno rahisi, uwatumie wenye mradi. Anayeanza ndiye huona shimo liko wapi. Aliyezoea ashaliruka mara mia.