Jasho la Wengi: Usafi na Adabu za Kumbi za Mazoezi tangu Ugiriki ya Kale

Katika miji ya Wagiriki wa kale, gimnasio ilikuwa mali ya umma kama soko au hekalu. Wanaume na vijana walifanya mazoezi uchi, na vifaa walivyotumia kwa zamu vilikuwa vichache: vizito vya kushika mkononi wakati wa kuruka, visahani na mikuki ya kurusha, na mfuko wa kupigwa ngumi na mabondia. Kilichopita mwili hadi mwili hasa kilikuwa mafuta ya zeituni, udongo wa uwanja wa mieleka na maji ya kuogea. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma aliyeandika katika karne ya 1 K.K., anapoeleza ramani ya jengo la namna hiyo anataja chumba cha mafuta, chumba cha vumbi, chumba cha mfuko wa ndondi na bafu la maji baridi. Usafi ulipangiwa nafasi tangu msingi unachimbwa.

Mwanamazoezi alianza kwa kujipaka mafuta mwili mzima. Mpiga mieleka aliongeza vumbi juu yake, kwa kuwa ngozi yenye mafuta matupu inateleza na haishikiki. Philostratus, katika kitabu chake cha karne ya 3 B.K. kuhusu mazoezi ya mwili, anatofautisha aina za vumbi: la udongo wa mfinyanzi linasafisha, la matofali yaliyosagwa linafungua vinyweleo ili jasho litoke, la lami linampasha joto aliyepoa. Tabibu wa leo atatabasamu akisoma orodha hiyo, ila inaonyesha kwamba vumbi lilihesabiwa kuwa sehemu ya usafi.

Kazi ilipokwisha, mchanganyiko wa mafuta, vumbi na jasho ulikwanguliwa kwa kikwangulio, yaani bapa la shaba au chuma lililopinda kama mundu, lenye mfereji wa kupitishia uchafu. Baadaye ndipo yalipokuja maji na sifongo. Michoro ya vyungu vya Athene inaonyesha kijana na vyombo vyake vitatu, kichupa cha mafuta, sifongo na kikwangulio, vimetundikwa pamoja ukutani au vikining'inia mkononi. Hivi vilikuwa vya mtu binafsi. Shughuli yenyewe ilipendwa kiasi kwamba Lysippos, mchongaji wa karne ya 4 K.K., alitengeneza sanamu ya shaba ya mwanariadha anayejikwangua mkono. Sanamu hiyo ilifikishwa Roma na kusimamishwa mbele ya mabafu ya Agrippa. Kwa mujibu wa Plinius Mzee, mwandishi wa Roma, Kaisari Tiberius aliihamishia chumbani kwake, watu wakapiga kelele kwenye ukumbi wa maonyesho mpaka akairudisha.

Uchafu uliokwanguliwa haukumwagwa. Ulikusanywa na kuuzwa kama dawa. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1 B.K., anaeleza makwanguo ya uwanja wa mieleka na yale yaliyobanduliwa kwenye kuta za gimnasio, na kuyapendekeza kwa uvimbe na maumivu ya viungo. Plinius anasema wakuu wa gimnasio waliwahi kupata hadi sesterti 80,000 kwa kuuza makwanguo hayo. Hata kama kiasi hicho kimetiwa chumvi, biashara ilikuwapo, na maandishi ya serikali za miji yanaithibitisha.

Ushahidi mzito kuliko wote umo kwenye bamba la marumaru la mji wa Beroia, Makedonia, ambao leo ni Veria, kaskazini mwa Ugiriki. Bamba hilo la karne ya 2 K.K. limechongwa sheria ya gimnasio pande zote mbili. Linaanza kwa kusema kwamba miji mingine yenye gimnasio ina sheria zake, hivyo na Beroia iwe nayo. Mji ulimchagua mkuu wa gimnasio mwenye umri usiopungua miaka 30 wala kuzidi 60, naye akala kiapo mbele ya miungu. Ishara ya gimnasio ikishashushwa, kijana wa chini ya miaka 30 hakuruhusiwa kuvua nguo bila idhini. Anayemtukana mkuu alitozwa drakma 50. Anayempiga, drakma 100. Mwizi wa vitu vya gimnasio alishtakiwa kama mtu aliyeiba hekaluni. Katika sikukuu ya Hermes zilitolewa zawadi za silaha, na moja ya zawadi hizo ilikuwa ya nidhamu, mbali na ile ya mwili uliojengeka vizuri. Adabu ilishindaniwa kama mbio.

Sheria hiyo hiyo inataja kwa majina makundi ya watu waliokatazwa kuvua nguo humo: mtumwa, mtumwa aliyeachwa huru na wanawe, mchuuzi wa sokoni, mlevi, mwendawazimu, na wengineo. Mkuu akimruhusu mmoja wao kwa kujua, faini ilikuwa drakma 1,000. Hakuna neno juu ya mwenye vidonda au upele. Unajisi uliohofiwa ulikuwa wa hadhi, na ndiyo maana sheria inakuwa kali kwa mchuuzi na kunyamaza juu ya ngozi inayowasha. Kuhusu makwanguo, sheria inaagiza kwamba aliyenunua haki ya kuyauza ndiye atakayetumika kama mlinzi wa uwanja wa mieleka, chini ya amri ya mkuu. Akikaidi, achapwe viboko. Kwa mpango huo mji uliingiza fedha na papo hapo ukapata mtumishi wa uwanja.

Waroma waliyahamishia mengi ya mazoea hayo kwenye mabafu yao makubwa, ambako watu walicheza mpira na kuinua vizito kabla ya kuoga. Tajiri alikuja na watumwa wa kumkwangua. Asiye na mtumwa alijitegemea. Kitabu cha maisha ya makaisari kinasimulia kwamba Hadrianus alimkuta askari mstaafu akijisugua mgongo ukutani kwa kukosa wa kumkwangua, akampa watumwa na fedha za kuwatunza. Siku nyingine wazee wengi walijipanga wakijisugua ukutani mbele ya Kaisari. Akawaambia wakwanguane wao kwa wao. Kitabu chenyewe hakiaminiki sana, lakini tatizo la mgongo usiofikika lilikuwa la kweli. Marcus Aurelius, aliyetawala miongo michache baadaye, hakuona thamani yoyote katika mambo haya: katika tafakuri zake anayataja mafuta, jasho na maji machafu ya bafu kama vitu vya kuchukiza.

Gimnasio za miji zilififia kufikia karne ya 4 B.K., na kumbi za mazoezi za sasa zina asili nyingine. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, wenye fito za kuning'inia, farasi wa mbao na milingoti ya kupanda. Wafuasi wake walivaa sare ya kitani cha kijivu na kuitana kwa kiwakilishi cha ndugu na rafiki, bila kujali vyeo. Mwaka 1865 Gustav Zander alifungua Stockholm taasisi ya mashine za mazoezi ya tiba. Picha zake zinaonyesha wanaume waliovaa suti na tai, na wanawake wenye magauni marefu, wakisukuma mikono ya chuma. Nguo zote hizo zilisimama kati ya ngozi na kifaa, kwa hiyo jasho halikuwa hoja.

Likawa hoja baadaye, nguo zilipopungua na viti vya mashine vilipoongezeka. Kuanzia 1970 Arthur Jones aliuza nchini Marekani mashine za Nautilus, zenye viti na viegemeo laini vilivyofunikwa plastiki. Zilipangwa mfululizo ili mtu aruke kutoka moja hadi nyingine bila kupoa, maana yake aliyefuata alikalia joto la aliyetangulia. Jimu yenye mpangilio huo haiendeki bila taulo ya kutandika, kitambaa cha kufutia, na mazoea ya kutokaa kwenye kiti wakati wa kupumzika huku wengine wakisubiri. Zile adabu nyingine, kama kurudisha vyuma kwenye rafu, zinahusu usalama na nafasi. Hii ya kufuta inahusu ngozi.

Sayansi ilikwisha kutoa sababu. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, alionyesha mnamo 1880 kwamba usaha wa majipu hubeba vimelea vya duara vilivyoshikana kama vichala, na mwaka 1882 akavipa jina la stafilokoka. Aina yake sugu kwa dawa, MRSA, ilitangazwa Uingereza mwaka 1961. Mwaka 2003 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani iliripoti MRSA kwa wanamichezo kadhaa, wakiwemo wachezaji wa kitara wa Colorado waliokuwa wakivaa kwa zamu nyaya za kuhesabia pointi ndani ya nguo. Mwaka huo huo, katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya St. Louis Rams, wachezaji 5 kati ya 58 walipata maambukizi 8, yote pale ngozi ilipochunika kwenye nyasi bandia. Taulo moja ilitumiwa na wachezaji hata watatu.

Janga la UVIKO-19 lilijaza kumbi chupa za dawa ya kupulizia, ingawa hatari yake kuu ilikuwa hewani. Katika mji wa Cheonan, Korea Kusini, watu 112 waliambukizwa mwanzoni mwa 2020 kupitia madarasa ya dansi ya mazoezi katika kumbi 12, yaliyojaa watu wanaohema kwa nguvu. Mwalimu wa yoga na pilates katika mojawapo ya kumbi hizo, aliyefundisha watu 7 au 8 kwa mwendo wa pole, hakuona mwanafunzi wake hata mmoja akiambukizwa. Kwa choa na majipu hali ni nyingine, maana hayo huhamia kwa kugusana ngozi na kwa vitu vilivyoguswa. Ndiyo sababu katika mieleka ya shule na vyuo vya Marekani mikeka husafishwa kwa dawa na ngozi ya kila mshindani hukaguliwa kabla ya pambano. Mwenye kidonda cha kuambukiza haruhusiwi kupanda mkekani.